Chema Chajiuza: Jina la Kanga na Kazi Yake Sokoni

Methali yetu yasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Aghalabu hutumiwa kufunza tabia, lakini mfano wake umetolewa sokoni, na huko ndiko yafaa ipimwe. Je, ni kweli kwamba bidhaa njema humfikia mnunuzi pasipo msaada wowote?

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kutembeza bidhaa ni kuizungusha mitaani ili ipate wanunuzi. Kiambishi -ji- chaifanya bidhaa kuwa mtenda na mtendwa pamoja. Lakini Kiswahili kina umbo jingine, nalo ni chauzika, yaani chapata wanunuzi kwa wepesi. Umbo hili halimtaji mtenda, wala halikanushi kwamba yupo. Kwa maoni yetu, chauzika lakaribia zaidi ukweli wa biashara.

Ushahidi wa jambo hili ni kanga, ambayo watu wa Mombasa huiita leso. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na katika mji huo huandikwa jina, yaani msemo wake. Hapo zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa herufi za Kirumi.

Maua na rangi ni vigumu kuvieleza kwa mdomo; msemo huchukulika. Mwanamke aliyeiona kanga arusini hulishika jina lake, na kesho yake aweza kumtuma hata mtoto dukani. Mfanyi biashara naye hutia alama yake: nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, yajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyopigwa chapa katika nguo zake. Kununua kwenyewe hakuna taabu. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, wala haihitaji vipimo vya mwili. Mnunuzi huikata na kuipinda, ikawa tayari.

Hata hivyo, jina lina makali mawili. Nguo nzuri yenye msemo wa kijembe haifai kupelekewa mkwe, hata rangi zake zikipendeza namna gani. Jina humwongoza mnunuzi kuifikia nguo, na pengine humzuia kuichukua.

Kwa mtafiti wa lugha, hapa pana jambo la kuzingatiwa. Anayehifadhi kanga akaandika rangi na mwaka, akaacha jina, amepoteza neno lile lile ambalo kwalo nguo iliulizwa, ikachaguliwa au ikakataliwa. Yafaa msemo unakiliwe kama ulivyopigwa chapa, pamoja na tahajia yake, bila ya kusahihishwa.

Basi methali haikukosea, ila imefupisha maneno. Chema chajiuza, lakini sharti kwanza kiwe na jina ambalo mnunuzi aweza kulitamka mbele ya mwenye duka.