Kabla ya kununua sungura, bisha hodi kwa jirani

Mpwa wangu ni mwalimu. Alipopata kazi Kanyakine, Meru, ule upande wa Nkubu na Igoji ambako migomba na kahawa zapanda mlima, alipanga chumba katika ploti ya vyumba sita vya mbao vilivyojengwa mstari mmoja. Choo ni kimoja, bafu moja, mfereji mmoja. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu akwambia pole. Na yeye msichana wa Kisauni, buibui lake kichwani, ndiye mgeni pekee hapo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe.

Upweke ukamzidi, akachukua paka jike. Mwezi wa pili akanipigia simu usiku. "Mjomba, nimepewa siku saba. Ama paka aondoke, ama niondoke mimi."

Nilipomhoji, makosa yalikuwa mawili. Paka alikuwa amebaleghe, analilia dume usiku kucha. Tena alikuwa akienda haja penye mchanga wa ujenzi ulio chini ya dirisha la jirani, na jirani huyo ana mtoto mwenye pumu. Hakuna aliyemchukia mpwa wangu. Watu walikuwa hawalali, na mama mmoja alikuwa na hofu ya mwanawe.

Paka tukampatia kwao mwalimu mwenzake mwenye shamba. Lakini swali likabaki: je, mtu aishiye chumba cha kupanga, ukuta kwa ukuta na watu, aweza kufuga mnyama mdogo wa manyoya bila ya kelele wala harufu? Jibu ni ndiyo, lakini kuna mambo ya kujua kwanza. Nayaandika kwa sababu vijana wetu wengi sasa wafanya kazi bara, katika vyumba kama hivyo.

La kwanza ni kuelewa harufu yatoka wapi. Mnyama mdogo mwenye afya mwili wake haunuki. Kinachonuka ni mkojo uliolala. Mkojo ukikaa hugeuka na kutoa hewa ya amonia, ile ichomayo pua na macho. Mkojo wa jana uliofagiliwa leo asubuhi haumsumbui mtu. Wa siku nne, juu ya mbao iliyokwisha kuunywa, hautoki hata kwa sabuni. Kwa hivyo, unapochagua mnyama, jiulize: huyu hukojoa wapi, na mimi nitaweza kupaondoa mara ngapi?

Sasa tuwatazame mmoja mmoja.

Paka ndiye mwenzetu wa Pwani tangu zamani. Si najisi, hujisafisha mwenyewe, na haja yake huifukia. Lakini paka asiyefungwa kizazi si mnyama wa ploti. Jike atalia, dume atarushia mkojo mlangoni, na mkojo wa dume ndio mkali kuliko wote. Akifungwa kizazi na daktari wa mifugo, akapewa beseni lake la mchanga ndani ya chumba, na mchanga ukachotwa kila siku, mambo mengi hutulia. Achanjwe pia kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Jina la ugonjwa lisikuhadae, paka naye huupata na huuambukiza.

Panya weupe wauzwao kama vipenzi ni wadogo na ni rahisi kulisha. Ila mkojo wa dume hunuka sana kwa mnyama wa kimo kile, na usiku ndio mchana wake, atakwaruza mpaka alfajiri. Tena jirani akimwona amekutoroka, hatauliza kama ni wa kufugwa. Atachukua fagio.

Simbilisi ni yule mnyama mnene asiye na mkia, mwenye masikio mafupi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako alifugwa kwa nyama maelfu ya miaka iliyopita. Leo wenzetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanamfuga sana. Ni mpole, mara chache huuma. Lakini si kimya: akisikia mfuko wa sukuma wiki ukifunguliwa, hupiga mluzi wa kumwamsha mtoto. Hutawanya kinyesi kila mahali, na kumfundisha kutumia pembe moja ni kazi. Jambo jengine ambalo wengi hawalijui, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, sawa na wa binadamu. Lazima apate mboga mbichi kila siku, kama sukuma wiki na pilipili hoho, la sivyo atadhoofika na viungo vitamuuma. Pia hapendi kukaa peke yake.

Sungura ndiye mkimya kuliko wote hawa. Halii wala hapigi mluzi. Akiogopa hupiga chini mguu wa nyuma, kishindo kimoja au viwili. Uchangamfu wake ni alfajiri na magharibi, mchana hulala, na hilo lamfaa mtu anayeshinda kazini. Kubwa zaidi, sungura mwenyewe huchagua pembe moja ya kukojolea. Ukiweka beseni lenye maranda ya mbao na nyasi kavu katika pembe hiyo hiyo, atalitumia. Mkojo wake huacha ukoga mweupe mgumu, lakini siki ya jikoni huulainisha ukatoka.

Naye ana masharti yake. Dume asiyehasiwa hurusha mkojo kama paka. Dume na jike wakikaa pamoja, baada ya siku 31 utakuwa na watoto wengi usiowapangia pahali. Basi chukua majike wawili wa uzao mmoja, waliokaguliwa na mtu ajuaye, maana wakiwa wadogo hata wauzaji hukosea. Chakula chake kikuu ni nyasi kavu, kwa sababu meno yake hayaachi kurefuka na nyasi ndizo ziyasagazo.  Akikaa nusu siku bila kula, usingoje kesho, mtafute daktari wa mifugo. Na ukiona ukoko masikioni, huo ni upele, utibiwe mapema.

Hapa niseme neno kuhusu jina. Yule sungura mjanja wa hadithi za bibi ni wa porini, ni mnyama mwengine. Huyu wa kizimbani asili yake ni Hispania na Ureno. Kijana akikuletea kitoto alichookota shambani, mwambie akirudishe. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Komba naye yumo humo, tena makelele yake usiku yatosha kukufukuzisha ploti.

Asili hiyo yatuleta kwenye jambo ambalo sisi wa Pwani hulisahau, nalo ni joto. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto lake hulitolea masikioni, na likipita nyuzi 30 huanza kuhema na kuteseka. Kanyakine, penye baridi ya mlima, atastawi. Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya chumba cha mabati, aweza kufa mchana mmoja. Mpwa wangu alitaka kuja nao likizo ndani ya boksi kwenye basi. Nikamwambia, hao waache huko huko. Kwa chumba cha Pwani mimi nasema paka aliyefungwa kizazi, kwa chumba cha Meru nasema sungura.

Kwa sisi tunaoswali chumbani, kuna la ziada. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata akiwa wa kuliwa. Sungura asiachwe akatembea juu ya mswala. Kizimba kiwe na pembe yake, na pahali pa kuswalia pawe pengine.

Lakini haya yote huja baada ya jirani. Safari hii mpwa wangu hakununua kwanza. Alianza kwa mwenye ploti, kisha akabisha hodi vyumba vyote vitano, na cha mwisho kilikuwa cha yule mama mwenye mtoto wa pumu. Akamwuliza wazi: manyoya humdhuru mwanao? Vumbi la nyasi je? Mama akasema vumbi ndilo adui. Wakakubaliana kizimba kisiingie ndani wala kisikae karibu na dirisha lake. Kikajengwa ncha ya pili ya ploti, chini ya upenu, kimeinuliwa kutoka ardhini, kimezibwa upande wa upepo kwa ajili ya baridi ya Julai. Kinyesi kikavu huchukuliwa na mke wa mwenye ploti, maana mbolea ya sungura huweza kutiwa shambani moja kwa moja bila kuozeshwa kwanza. Migomba yake yafaidi, na tangu hapo hakuna mtetezi wa sungura hao kama yeye.

Jirani mmoja bado humwuliza kila Jumamosi, "Mwalimu, hawa utawachinja lini?" Hucheka wote.

Jambo la mwisho ni likizo. Mwalimu hufunga shule mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, naye sungura aweza kuishi miaka minane na zaidi. Hesabu ni likizo ngapi hizo, na nani atakayebadilisha maji na beseni kila siku wewe ukiwa kwenu. Kama huna jina la mtu huyo, bado hujawa tayari kufuga. Mpwa wangu analo. Ni yule mama wa pumu, anayefika kizimbani na leso imefunika pua, na mwanawe amesimama mbali akiwaita sungura kwa majina aliyowapa yeye mwenyewe.