FARASI WA PINGILI MOJA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Lakini je, mpenzi msomaji, wajua kuna watu wanaosafiri nusu ya dunia ili wakainame chini ya bahari? Wanachokiendea si papa wala nyangumi, bali ni samaki ambaye ukimlaza kidoleni hazidi pingili moja! Niliposimulia haya darasani nilichekwa, ati nimeota. Basi nisomeni.

Samaki huyo ni farasi-bahari kibete, na pahali panapovuma kwa kumtafuta ni mlangobahari wa Lembeh, kaskazini mwa Sulawesi nchini Indonesia. Usidhani ni pahali pa kupendeza. Chini ni mchanga mweusi wa volkeno, na takataka hazikosi. Mgeni huweza kujiuliza, kwani nimelipa pesa nije kutazama hii?

Farasi huyu huishi kina cha mita 16 hadi 40, amejizungushia mkia kwenye tumbawe lililotanda kama kipepeo cha kupepelea moto. Vinundu vya mwili wake vimefanana na vya tumbawe lenyewe, umbo na rangi. Tena maji humeza rangi nyekundu kwanza, kwa hivyo bila tochi tumbawe jekundu huonekana la kijivu tu. Na saa nayo yakimbia! Katika mita 20 mkandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, hivyo hewa ya mtungi nayo huisha mara tatu upesi. Kupanda mbio huwezi, maana naitrojeni iliyoingia mwilini itatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mtu aweza kupooza au kufa. Basi kiongozi anakuonyesha tawi moja. Unakodoa macho, huoni kitu. Unakodoa tena. Mara nundu moja inageuza jicho!

Hata wataalamu aliwapiga chenga. Mwaka wa 1969 Georges Bargibant alikuwa akikusanya matumbawe ya jumba la samaki la Nouméa, New Caledonia. Hakumwona baharini, alimwona mezani, tumbawe likiwa limeshatolewa majini. Mwaka wa 1970 akaitwa Hippocampus bargibanti.

Kinachoniudhi ni wapiga picha wanaomsukuma kwa kijiti ili aelekee kamera. Kiumbe huyu aweza kumaliza utu uzima wake wote juu ya tumbawe moja. Akibanduliwa aende wapi? Na huenda ni mume mwenye mimba, kwani kwa farasi-bahari wabebao mayai ni waume.

Sasa sikizeni hili. Ghuba ya Sodwana, Afrika Kusini, wazamiaji wameizoea miaka mingi. Mwaka wa 2017 mwalimu wa kupiga mbizi, Savannah Nalu Olivier, akamwona kibete mwingine huko, mwambani penye mwani, chini ya mita 20. Mwaka wa 2020 akatangazwa kuwa aina mpya, Hippocampus nalu. Jamaa zake waliojulikana walikuwa zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapo! Na kwa Kizulu na Kixhosa, lugha ndugu za Kiswahili chetu, "nalu" ni kama kusema "hili hapa". Kumbe alikuwa papo hapo, watu wakimpita.

Bahari hiyo ndiyo hii yetu ya Hindi. Miwani ya kuzamia nimeshaazima kwa binamu yangu. Iliyobaki ni ruhusa ya mama.