BROWN WA VIDOLE VITATU

Ninyi vijana wa migodini, mumekwisha kusikia habari za Mordecai Brown? Yeye pia alitumika mugodini kama baba zenu.

Alizaliwa mwaka wa 1876 katika jimbo la Indiana, Marekani. Akingali mutoto, mashini ya kukata chakula cha nyama wa shamba ilimukata kidole cha shahada cha mukono wa kuume. Kisha akaanguka, vidole vingine vikavunjika, vikapona vikiwa vimepindika.

Alipokuwa kijana alichimba makaa ya mawe, na akacheza besiboli katika ekipe ya wachimbaji. Katika mchezo ule mutupaji anatupa mupira, na mwingine wa ekipe ya pili anajaribu kuupiga kwa fimbo. Juu ya vidole vile vibaya, mupira wa Brown ulizunguka sana na kushuka gafula. Wapigaji waliukosa!

Akiwa na ekipe ya Chicago Cubs alipata ubingwa mara mbili, 1907 na 1908. Kwa jumla alihesabiwa ushindi 239. Alikufa 1948, mwaka uliofuata jina lake likaandikwa kati ya wachezaji wakubwa wa Marekani.

Lakini kilema peke yake hakifundishe muntu kutupa mupira. Mukono ule ulijifunza kwa mazoezi ya miaka mingi. Basi, wazazi, mutoto aliyeumia musimuhesabu kuwa wa bure. Mumuulize: vidole vilivyobaki vinaweza kufanya nini? Halafu mumuache ajaribu.