Nzwani: Kisiwa Kilichojitenga, na Sulhu Iliyokirejesha

Mkulima wa karafuu wa Kinole au Tawa, katika Milima ya Uluguru, akifika kisiwani Nzwani hatajiona mgeni sana. Atakuta mashamba kwenye miteremko mikali, karafuu zimeanikwa juani, na adhana ikisikika. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Kisiwa hicho cha Komoro kilijitangaza kuwa dola tarehe 3 Agosti 1997.

Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Komoro ilipojitangazia uhuru mwaka 1975, kisiwa jirani cha Maore kilibaki chini ya Ufaransa. Miaka ikapita, madaraka yakalundikana Moroni, kisiwani Ngazija. Mishahara ya watumishi ikacheleweshwa miezi mingi, huku Maore ikineemeka. Ndipo Wananzwani wakapandisha bendera ya Ufaransa, wakiomba kurudi kwa mkoloni waliyeachana naye miaka 22 kabla. Ufaransa ikawakatalia.

Septemba 1997 Rais Mohamed Taki alipeleka askari, wakarudishwa nyuma. Oktoba, kura ya maoni ikaunga mkono uhuru wa kisiwa, lakini hakuna nchi hata moja iliyoutambua. Desemba 1998 waliojitenga wakageukiana wenyewe: wafuasi wa kiongozi wao, Abdallah Ibrahim, wakapigana na wapinzani wake mjini Mutsamudu. Mwislamu akamwaga damu ya Mwislamu. Aprili 1999, ujumbe wa Nzwani ulipokataa kutia saini mapatano ya Antananarivo, watu wenye asili ya Nzwani walishambuliwa Moroni, na jeshi likapindua serikali. Mwaka 2000 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukakiwekea kisiwa vikwazo.

Suluhu ilipatikana Fomboni, kisiwani Mwali, tarehe 17 Februari 2001. Katiba iliyopitishwa Desemba mwaka huo ilikipa kila kisiwa serikali yake, na urais wa Muungano ukawa wa zamu. Suratul Hujurat, aya ya 9, inaamrisha waumini wanaopigana wapatanishwe, tena kwa uadilifu. Zamu ile ndiyo iliyokuwa uadilifu wenyewe.

Hata hivyo, sulhu huhitaji kulindwa. Mohamed Bacar, rais wa kisiwa, alipong'ang'ania madaraka, askari wa Tanzania na Sudan waliungana na wa Komoro kumwondoa tarehe 25 Machi 2008. Mwaka 2018 utaratibu wa zamu ulipobadilishwa, risasi zilisikika tena Mutsamudu.

Ndugu msomaji, milima yetu nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kupinga matuta waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Amri isiyosikiliza huzaa uasi, iwe ya dola, ya kamati ya msikiti au ya kaka mkubwa anayeshikilia mirathi ya wadogo zake. Ndugu akitaka kujitenga, tusianze kuuliza nani kampa kiburi. Tufungue daftari kwanza, tuhesabu: haki yake ameipata? Ikiwa hajaipata, tumpe mapema, kabla ukoo haujatafuta wapatanishi nje ya nyumba yake.