"Wakulima wote hawajalipwa": ni wangapi hasa?

Msikilizaji wetu, soma taratibu sentensi hii: "Wakulima wote hawajalipwa." Tuseme imeandikwa kwenye taarifa ya chama cha ushirika baada ya mauzo. Je, hakuna hata mmoja aliyepata pesa zake? Au wapo waliopata, na wengine bado? Wasomaji wawili wanaweza kutoka na majibu mawili, na hapo ndipo ugomvi wa mkutanoni huanzia.

Wataalamu wa mantiki, yaani elimu ya kufikiri kwa utaratibu, wana njia ya kuondoa utata huo. Mwaka 1879 Mjerumani Gottlob Frege alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi ya kuandika mawazo ya "kila" na "kuna" kwa alama. Alama tunazotumia leo zilikuja baadaye: ∀, herufi A iliyopinduliwa, husomwa "kwa kila", ∃, herufi E iliyogeuzwa, husomwa "kuna angalau mmoja".

Mtu yeyote tumwite x. Sasa sentensi yetu inafunguka mara mbili.

Maana ya kwanza: kwa kila x, kama x ni mkulima, basi x hajalipwa. Hapa hakuna aliyepata hata senti.

Maana ya pili: si kweli kwamba kila x aliye mkulima amelipwa. Yaani, kuna x angalau mmoja ambaye ni mkulima na hajalipwa. Huenda ni mmoja tu, huenda ni wote; sentensi haisemi.

Kilichobadilika ni mahali pa kukanusha. Angalia pia kwamba "kila" hutembea na "kama… basi", na "kuna" hutembea na "na". Ukiandika "kwa kila x, x ni mkulima na x hajalipwa", umesema kila mtu duniani ni mkulima!

Mpangilio nao una uzito. Linganisha ahadi hizi:

"Kwa kila kijiji, kuna kisima kitakachokihudumia." Kila kijiji kinaweza kuwa na chake.

"Kuna kisima kitakachohudumia kila kijiji." Hapo ni kisima kimoja kwa vijiji vyote, na foleni ya ndoo utaijua mwenyewe.

Ya pili ikitimia, ya kwanza nayo imetimia, kwa sababu hata kisima kimoja cha pamoja kinakihudumia kila kijiji. Kwa hiyo aliyeahidi ya kwanza hajaahidi visima vingi. Kama mnataka kila kijiji kiwe na chake, neno "chake" liandikwe.

Basi kabla ya kunyoosha mkono au kutia saini, uliza maswali matatu: Ni kila mmoja au baadhi? Ni "si wote" au "hakuna hata mmoja"? Ni kila mtu na chake, au kimoja kwa wote? Kisha mwombe katibu aandike jibu hilo kwenye muhtasari, neno kwa neno.