Tuliuza Chupa Otonglo, Kumbe Tulikuwa Tunauza Hewa

Kama huijui Otonglo, toka mjini Kisumu, fuata barabara ya Busia, na kabla hujafika Kisian utaona soko. Hapo ndipo kwetu. Wazee wa Kijaluo wakitaja otonglo, wanakumbuka ile sarafu ya senti kumi ya zamani. Mimi huikumbuka kila mtu anaposema “taka ni pesa”. Sawa, ni pesa. Lakini inaingia mfuko wa nani?

Nilipata jibu kwa jasho. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, mimi na mabeshte wawili tuliamua kuokota chupa za plastiki. Wiki mbili nzima tulipita kwenye mitaro, nyuma ya baa, kando ya stendi, hadi harusini. Tukajaza magunia sita. Tukakodi mkokoteni, tukapeleka mzigo kwa broka tukiwa tumeshapiga hesabu ya rent.

Broka akapima. Kilo 17.

Tukaangaliana. Magunia sita, kilo 17? Mmoja wetu akauliza kama mizani iko sawa. Jamaa akacheka: “Vijana, mmeniletea hewa.”

Alikuwa na pointi. Chupa tupu ya maji ya nusu lita kwa kawaida haifikishi gramu 20, kwa hivyo kilo moja inakula zaidi ya chupa 50. Tulipomlipa mwenye mkokoteni na kugawana kilichobaki, kila mtu alipata ya chapati na maharagwe. Biashara ikafia hapo.

Baadaye ndio nilielewa kilichotuangusha. Viwanda vingi vinavyonunua chupa viko Nairobi na viunga vyake, kama kilomita 350 kutoka hapa. Lori likibeba chupa ambazo hazijafinywa, linabeba hewa na dizeli inalipwa ile ile. Broka anakata gharama hiyo kwenye bei anayokupa wewe. Ukiwa na mashine ya kufinya chupa ziwe marobota, lori lile lile linabeba mzigo wa maana. Mwenye mashine ndiye anayepanga bei. Sisi tulikuwa na magunia tu.

Sasa, ukisikia kwenye habari “ubia wa serikali na sekta ya kibinafsi”, usibadilishe stesheni. Hayo maneno makavu ndiyo yanaamua mashine itakuwa ya nani.

Serikali peke yake imejaribu. Kumbuka Kachok. Mwaka wa 2017, Profesa Anyang’ Nyong’o alipoingia kuwa gavana, aliahidi kuliondoa jaa lile karibu na Uwanja wa Moi ndani ya siku 100. Siku 100 ziliisha na mlima wa taka ungali pale. Kazi ilienda miaka.

Kampuni nazo, zikiachwa peke yake, hufuata mitaa inayolipa. Lori la taka litapita Milimani kila wiki, lakini kule Obunga, mtu anapotafuta ya unga kwanza, nani ataingia kudai ada ya takataka? Na kile ambacho hakikusanywi hakipotei. Mvua ikinyesha, mitaro inakisukuma moja kwa moja ziwani. Mwaka wa 2021 Flipflopi, lile jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, liliondoka Kisumu kuzunguka Ziwa Victoria likihubiri habari hiyo hiyo.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha taka, na inambana mtengenezaji wa bidhaa awajibikie kifungashio chake hata baada ya mteja kukitupa. Kanuni za kumbana zilichapishwa 2024. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 2018, sekta ya vinywaji ilikuwa imeanzisha PETCO Kenya kusaidia chupa zikusanywe na zirejelewe. Kwa hivyo kaunti ina ardhi na mamlaka, kampuni zina pesa na wajibu. Nani amesahaulika? Yule mwenye gunia.

Kuna mama mmoja hapa sokoni ambaye ameokota taka tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipomweleza haya yote alinisikiliza akiendelea kukanyaga chupa, kisha akasema: “Nyathina, wakienda kukutana huko hotelini watuite na sisi. Chupa zinalala wapi usiku, wao hawajui.”

Na sio ndoto. Kule Pune, India, wazoataka wana ushirika wao unaoitwa SWaCH, ambao umefanya kazi kwa mkataba na manispaa tangu 2008. Wanapita nyumba kwa nyumba, wenye nyumba wanawalipa ada, na wanachouza kama skrepu ni pesa yao. Wengi wao ni wanawake waliokuwa wakifukuzwa kama wezi. Wamo ndani ya mkataba, sio nje ya geti.

Otonglo haihitaji muujiza. Kaunti itoe kipande cha ardhi chenye paa na umeme. Kampuni zinazouza vinywaji zilete mashine ya kufinya, na zikubali bei ya chini kabisa ya kilo, iandikwe ukutani kila mtu aione. Vikundi vya wazoataka viendeshe kituo, vishike mizani na vitie sahihi kwenye mkataba. Na sisi wengine nyumbani tutenganishe maganda ya ndizi na chupa, maana chupa safi ndiyo yenye soko.

Kwa hivyo kaunti ikiita kikao cha maoni ya umma kuhusu taka, usiseme hiyo ni ya wazee. Enda. Nyoosha mkono, uulize swali moja: mizani itashikwa na nani?

Sisi watatu tulitawanyika. Mmoja anaendesha boda, mwingine alienda Nairobi, mimi ndiye huyu naandika. Lakini yale magunia sita sijatupa. Yamekunjwa chini ya kitanda.