Muziki wa Kufokafoka na Ukweli Wake

Wengi hudhani kwamba muziki wa kufokafoka, au hip-hop kama wenyewe wauitavyo, hupimwa kwa suruali pana, kofia iliyogeuzwa nyuma na matamshi ya Kimarekani. Hata hapa Msalato nimesikia msichana akisifiwa kuwa ndiye mfokaji halisi, kwa sababu tu aiga vizuri sauti za watu wa New York. Mimi sikubali, na ushahidi wangu hauko mbali: sehemu yake yapatikana Dodoma mjini, mwendo mfupi kwa basi kutoka shuleni kwetu.

Muziki huu ulipoingia Dar es Salaam katika miaka ya 1980, vijana walikariri maneno ya Kiingereza ambayo wengine wao hawakuyaelewa. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice akautilia maneno ya Kiswahili, ikaonekana kwamba lugha yetu nayo yaweza kwenda mbio namna ile. Lakini lugha peke yake haitoshi. Lazima mtu awe na jambo la kusema. Joseph Mbilinyi, aliyeitwa Mr. II na baadaye Sugu, mwaka 1998 alieleza maisha magumu ya vijana bila kuyapamba, na wimbo wenyewe akauita "Hali Halisi".

Joseph Haule, yaani Professor Jay, alipita njia nyingine katika "Ndio Mzee" ya mwaka 2001. Alijifanya mgombea aliyepanda jukwaani, akaahidi mambo ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angejua hayawezekani, na umati ukamwitikia kwa maneno hayo mawili kila mara. Hapo ndipo nionapo ustadi wake. Achekwaye si mgombea peke yake, bali na sisi tuitikiao! Wimbo wa namna hii hauazimwi ng'ambo. Mwenye kuutunga lazima awe amesimama juani katika mkutano wa kampeni wa kwetu, akasikiliza ahadi ya kisima.

Likaja jaribio. Mwaka 2010 Sugu alichaguliwa kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, na mwaka 2015 Professor Jay akawa Mbunge wa Mikumi, wote kwa CHADEMA, wakakaa Bungeni hapa Dodoma hadi mwaka 2020. Yule aliyeigiza ahadi sasa alitakiwa kutoa zake mwenyewe. Baadhi ya wenzangu husema kwamba siku hiyo uhalisi wao ulikwisha. Mimi nasema ndipo ulipoanza kupimwa: Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais katika mkutano wa hadhara, akatoka mwezi Mei. Suruali pana haimfikishi mtu huko.

Jambo la Nay wa Mitego lanitatiza zaidi. Machi 2017 alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, likaufungia. Mara Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo: mwimbaji aachiwe, wimbo upigwe, tena auboreshe kwa kuwataja wakwepa kodi na waovu wengineo. Watu walishangilia, nami sishangai, kwani kutoka mahabusu ni jambo la furaha. Lakini mtunzi akishapewa na mkubwa orodha ya watu wa kusemwa, wimbo utakaofuata ni wa nani?

Swali hilo halijazeeka. Mwana FA, mfokaji mwingine mashuhuri, aliingia Bungeni mwaka 2020 kwa CCM kutoka Muheza, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri katika wizara ile ile iliyo juu ya BASATA. Kwa hiyo yule aliyezoea kupeleka nyimbo zake zikasikilizwe akahamia upande wa pili wa meza.